MGENI MPE JEMBE, NAWE SHIKA LAKO

Yafuatayo ni maneno ya hotuba aliyoitoa katibu mwenezi wetu mbele ya wanachama na wananchi wa Kilambo, mkoani Mtwara, kuhusu kazi za kujitolea za makanisa. Tunayachapa yote kama yalivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza:

Najua huu ni wakati wa korosho. Kila mmoja aliyeketi hapa ameacha kitu kinachomngoja shambani. Kwa hiyo sitawapotezea saa. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe limo ndani ya barua hii niliyoishika mkononi.

Barua hii imetoka kwa vijana wa kanisa, huko mjini. Wanasema kwamba kwa muda wa miezi mitatu wangependa kuja kwetu kila Jumamosi. Wanataka kuchimba choo cha akina mama pale zahanati, kuteka maji, kuwapikia uji akina mama waliojifungua ambao ndugu zao wako mbali, na jioni kuwafundisha kusoma watu wazima wasiojua. Hawaombi fedha. Wanaomba idhini ya kijiji na mahali pa kuweka zana zao. Basi.

Tangu barua hii ifike nimesikia majibu matatu. Nimeyasikia kivukoni, dukani, barazani na hata msibani. La kwanza lasema: "Tusiwakubali, leo uji kesho ubatizo." La pili lasema: "Waje, wafanye yote, sisi tuna mashamba yetu." La tatu lasema: "Hiyo ni kazi ya serikali, tumekatwa fedha za kutosha kwenye korosho." Leo nataka tuyatazame majibu haya moja moja, bila kumcheka mtu, halafu tukubaliane neno la kuwaandikia.

Nianze na wale wanaoogopa. Ndugu zangu, mimi ni Mwislamu, mtoto wa pwani hii hii, na hofu hiyo naijua. Haikuzuka hewani. Wakati wa ukoloni shule nyingi katika nchi yetu zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliona kumpeleka mtoto shule ni kumpeleka kanisani, wakamzuia. Mtoto akabaki hana kalamu, na alipokuja kutafutwa karani au mwalimu, akatafutwa mwingine. Jeraha hilo lilikaa muda mrefu, na asemaye halikuwapo hasemi kweli. Ndiyo maana serikali ya nchi huru, kwa sheria ya elimu ya mwaka wa 1969, ilizichukua shule zilizokuwa zikisaidiwa na fedha za umma ili mtoto apokelewe bila kuulizwa dini yake. Halikuwa jambo la kulikomoa kanisa. Ilikuwa ni haki, na wako watu wa kanisa waliokiri hivyo.

Lakini mwenye haki hatazami upande mmoja. Nani hapa amepata kusikia habari za Padre Robin Lamburn? Mwingereza huyu alifika katika dayosisi ya Masasi mwaka wa 1930. Miaka ya 1960, umri wake ukiwa umekwenda, alihamia Kindwitwi, huko Rufiji, kwenye kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Rufiji mnaijua, watu wake wengi ni Waislamu. Na ukoma mnaujua: mgonjwa alikimbiwa na jirani na rafiki, na mara nyingine hata na aliyezaa naye. Lamburn aliishi pamoja na watu hao mpaka alipokufa mwaka wa 1993. Je, mtu akikaa miaka thelathini na waliokimbiwa na wote, twaweza kusema alikuja kuvua samaki kwa chambo? Kama ni chambo, basi mvuvi huyo alikaa maji ya shingo pamoja na samaki.

Na nina ushahidi mwingine, mdogo, wa kwangu mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilishikwa na malaria kali, nikalazwa. Kwetu mbali, ndugu sina. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa hula kilicholetwa na watu wake, asiye na watu hutazama ukuta. Asubuhi ya kwanza akaingia bibi mmoja mwenye msalaba shingoni, amebeba sufuria la uji wa mtama. Akatia kikombe kitanda hadi kitanda, wodi nzima. Hakumwuliza mtu jina wala dini. Siku ya nne nikamwuliza: "Bibi, kwa nini unatulisha nasi si watu wako?" Akanijibu: "Mwanangu, sufuria langu kubwa, na nyumbani tumebaki wawili." Akapita kitanda cha pili. Nilitoka pale ni Mwislamu vilevile kama nilivyoingia, ila nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa nimefundishwa jambo ambalo chuo hakikunifundisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoogopa ni hili: msiiache hofu yenu, bali igeuzeni iwe sharti. Tuandike waziwazi kwamba uji haufuatani na mahubiri, na kwamba darasa la kusoma litasomesha kusoma. Atakayetaka kujua habari za dini anajua kanisa liko wapi na msikiti uko wapi. Mtu mwema sharti hilo halimchukizi. Likimchukiza, tutakuwa tumemjua mapema.

Sasa nije kwa ndugu zangu wa jibu la pili, wanaosema waje wafanye yote. Hawa wananitisha kuliko wa kwanza.

Katika nchi yetu hii ya kusini kazi ya kanisa ilianza zamani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Lindi kwa miguu akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa. Wengi wao asili yao ilikuwa bara, upande wa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi wakasimama, wakaona nchi ni njema, wakajenga hapo. Sasa nauliza: ni nani aliyejenga Masasi? Vitabu vitawaambieni Steere. Lakini Steere alirudi Unguja. Waliobaki wakafyeka, wakalima, wakasimamisha nyumba na kukaa ni wale waliokuwa jana wakiuzwa kama mbuzi. Hao ndio wajitoleaji wa kwanza wa Masasi, na majina yao wengi wetu hatuyajui.

Mmoja tunamjua. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kukombolewa Unguja, alitumwa Chitangali, katika nchi ya Masasi, akafanya kazi huko miaka mingi. Mwaka wa 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Na ilipokuja vita kuu ya 1914, Wajerumani wakawakamata wamisheni Waingereza na kuwaweka kizuizini. Je, kazi ilikufa? Haikufa. Mapadri na walimu Waafrika waliishika. Shule ilifunguliwa na aliyekuwapo, mgonjwa aliangaliwa na aliyekuwapo. Mgeni alipoondolewa ndipo ilipoonekana kazi ilikuwa ya nani.

Nitoe na mfano wa dawa. Mwaka wa 1935 alifika Lulindi, kusini ya Masasi, daktari kijana jina lake Leader Stirling. Hospitali yake ya mwanzo ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Miti ile haikuletwa kwa meli kutoka Uingereza, ndugu zangu. Ilikatwa na watu wa hapa, ikabebwa mabegani na watu wa hapa. Lakini Stirling alifanya jambo ambalo kila mgeni mwema lazima alifanye: aliwafundisha vijana wa hapa kazi ya uuguzi, kwa sababu alijua mikono yake miwili haitoshi. Baadaye alihamia Mnero akaendelea vilevile. Mwaka wa 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na mwaka wa 1975 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya, kazi aliyoishika mpaka 1980. Tazameni njia hiyo: kutoka banda la nyasi la misheni mpaka wizara ya taifa. Alikuja kuwatumikia watu wa kanisa, akaishia kuwa mtumishi wa nchi nzima.

Na kule Ndanda, ambako watawa Wabenediktini walianza mwaka wa 1906, mwaka mmoja baada ya moto wa Maji Maji kuwaka kusini nzima, hospitali ipo mpaka leo, na wagonjwa wa dini zote hupanda gari kutoka vijiji vya mbali kuifuata. Nani anaowaosha wagonjwa hao? Nani anawachoma sindano? Ni watoto wetu. Hospitali yenye jina la kanisa, mikono ni ya wananchi.

Neno la mwisho katika hili, habari ya Askofu Trevor Huddleston. Huyu alikuwa amepigana na ubaguzi wa rangi huko Afrika ya Kusini, akaja kuwa askofu wa Masasi mwaka wa 1960. Mwaka wa 1968 aliondoka, naye aliamini mahali pake pashikwe na Mwafrika. Akamfuata Askofu Hilary Chisonga. Twamheshimu Huddleston kwa aliyoyafanya, lakini mimi namheshimu zaidi kwa kuondoka kwake. Mtumishi wa kweli hupimwa siku anapofunga mizigo yake: ameacha nini mikononi mwa watu?

Kwa hiyo, wewe unayesema waje wafanye yote, nakuuliza: miezi mitatu ikiisha, choo kikijaa, nani atachimba cha pili? Kamba ya kisima ikikatika, utaandika barua mjini? Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wazee hawakusema mpe jembe halafu wewe ukalale. Mgeni akilima peke yake na mwenyeji ameketi kivulini, yule si mgeni tena, ni kibarua. Na mwenyeji naye si mwenyeji, ni ombaomba mwenye kiti. Sisi hatukudai uhuru ili tuwe ombaomba wenye viti.

Jibu la tatu ni la ndugu wanaosema hiyo ni kazi ya serikali. Nao wana sehemu ya kweli. Daktari, dawa na mshahara wa muuguzi ni wajibu wa serikali, na Chama kisipouliza habari zake kitakuwa kimelala. Tutauliza, na mimi mwenyewe nitasimama kuuliza. Lakini serikali yenyewe haikusema kwamba itafanya yote peke yake. Mwaka wa 1992 ilitiliana mkataba na makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, juu ya huduma za afya na elimu. Wako Waislamu walioulalamikia mkataba huo, wakauliza kwa nini fedha ya umma isaidie hospitali ya kanisa. Swali ni halali, na jibu la haki ni kwamba mlango wa hospitali inayosaidiwa na umma uwe wazi kwa umma wote, na kwamba jumuiya za Kiislamu zinazotaka kutumika nazo zipewe nafasi. Hatutavunja daraja kwa sababu wengine wamelipita kwanza. Tutapita na sisi.

Na sisi watu wa Ruvuma tunajua kuliko wengine jinsi mikono mingi inavyoweza kubeba mzigo mmoja. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka wa 1964, watu walivuka mto huu kwa maelfu. Hawakuja na kitu. Mwaka huo huo lilianzishwa shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi katika Tanganyika, likiungwa mkono na Walutheri wa nchi mbalimbali pamoja na makanisa ya hapa. Kazi ikagawanywa. Serikali yetu ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukasaidia kwa fedha, na shirika likasimamia kazi. Vikaanzishwa vijiji kama Rutamba, huko Lindi. Lakini msitu haukufyekwa na fedha. Walioufyeka na kupanda ni wakimbizi wenyewe. Ukiondoa mkono mmoja katika hiyo, mzigo ulianguka. Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea: mtu kutokataa mkono wa mwenziwe, lakini naye kutouficha wake.

Na siku hizi zetu? Tangu mwaka wa 2017 ng'ambo ya pili pana moto tena. Oktoba 2020 moto huo ulivuka ukafika Kitaya, jirani zetu hawa, watu wakauawa na nyumba zikateketea. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na watu wakakimbilia mtoni. Mnajua mliyoyaona, sina haja ya kuwasimulia. Nasema hili tu: wale wauaji wanataka tuamini kwamba mtu wa dini nyingine ni adui. Kila Jumamosi kijana wa kanisa na kijana wa msikiti watakapotoka jasho katika shimo moja la choo, uongo huo utakuwa umepigwa bila risasi. Hii si kazi ndogo, ndugu wanachama. Kwa watu wa mpakani, ujirani mwema ni ulinzi.

Mwalimu Nyerere alipozungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka wa 1970, hakulisifu kanisa kwa sadaka zake. Aliliambia kwamba lisiposimama pamoja na maskini katika kuyaondoa mambo yanayowafanya maskini, watu watalihesabu upande wa dhuluma. Maneno hayo aliwaambia wakristo, na yeye mwenyewe Mkristo. Lakini sisi wa Chama tusidhani hayatuhusu. Chama kisichoshika jembe nacho kitahesabiwa huko huko.

Basi, napendekeza tuwajibu hivi.

Kwanza, tunawakaribisha kwa moyo mmoja.

Pili, huduma itolewe kwa kila mtu bila kuulizwa dini wala chama, na pasiwe na mahubiri katika zahanati wala darasani. Sharti hili latuhusu na sisi: nisimwone mwanachama anagawa uji huku amevaa sare na kuhesabu kura. Uji ni uji.

Tatu, kila mjitoleaji mmoja wa mjini atasimama na mjitoleaji mmoja wa Kilambo. Wakija kumi, tunatoka kumi. Wakija ishirini, tunatoka ishirini. Na fundi wa choo atoke hapa hapa, tunao.

Nne, ufunguo wa chumba cha zana utakaa kwa kamati ya kijiji, na daftari litaandikwa na mmoja wetu: mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotumika, iliyobaki. Daftari lisomwe mkutanoni kila mwezi. Kisichoandikwa huzaa maneno, na maneno huvunja kazi.

Tano, tangu wiki ya kwanza watufundishe wanayoyajua. Katika wale wanaofundisha kusoma wawepo wawili wetu wanaojifunza kufundisha. Mimi ni mwalimu, nitakuwa mmoja wao. Miezi mitatu ikiisha wao waende kwa amani, na Jumamosi ya kwanza baada yao darasa lifunguliwe kama kawaida.

Hiyo Jumamosi ndiyo ninayoitazama, Ndugu Mwenyekiti. Sioni kazi kubwa katika siku ya kuwapokea, siku ya ngoma na picha. Nawaza ile siku ya kwanza wasipokuja. Mama amejifungua usiku, kwao mbali. Asubuhi je, pana mtu amebeba sufuria? Kama yupo, barua hii ilikuwa na faida. Kama hayupo, tulikuwa tunalishwa tu.

Ndugu zangu, nimemaliza. Barua ya majibu nimeiandika, iko hapa mezani, na chini yake nimeacha nafasi ya majina. Sitaki mnipigie makofi. Anayekubaliana nami aje aandike jina lake, na mbele ya jina aandike atakacholeta: jembe, sururu, ndoo, sufuria au mikono mitupu. Asiyejua kuandika anitajie, nimwandikie leo. Mwezi wa tatu ataandika mwenyewe.

Langu nimelitanguliza hapo juu: jembe moja, na sufuria. Si kubwa kama la yule bibi, lakini litatosha kwa kuanzia.